Frogmore, kinu kilichorefusha karatasi

Mashine inayotengeneza karatasi katika viwanda vingi duniani ingali ikiitwa Fourdrinier. Hilo ni jina la ndugu wawili wa London, Henry na Sealy, ambao hawakuivumbua, hawakuiunda, wala hawakupata faida nayo. Walichofanya ni kuilipia. Waliilipia mpaka wakafilisika, na pengine hiyo ni sababu tosha ya mtu kuachiwa jina.

Mahali ilipoanza kufanya kazi ya biashara ni Frogmore, kinu kilichoko kando ya mto Gade, mjini Hemel Hempstead katika jimbo la Hertfordshire, kilomita zipatazo 40 kaskazini-magharibi mwa London. Mwaka ulikuwa 1803. Mto wenyewe si mkubwa. Aliyezoea Rufiji au Tana angeuita kijito. Lakini maji yake yanatoka kwenye miamba ya chokaa, ni masafi, na yalitosha kuzungusha gurudumu la kinu. Nayo London, yenye matambara ya kununuliwa na watu wa kununua karatasi, haikuwa mbali.

Kabla ya hapo karatasi yote ya dunia, iwe ya madaftari ya benki za London au ile iliyoletwa na majahazi hadi Lamu na Pate ikaandikiwa misahafu ya Siyu, ilitoka mikononi mwa watu, kipande kimoja kimoja. Matambara ya kitani na pamba yalichambuliwa, yakakatwa, yakasagwa majini hadi yakawa rojo jepesi. Rojo hilo liliwekwa kwenye pipa kubwa, likapashwa moto. Fundi wa kwanza alichovya fremu yenye wavu wa waya, akaiinua, kisha akaitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzi zisilale upande mmoja. Mtikiso huo ndio uliokuwa ufundi wenyewe. Maji yalichuruzika, nyuzi zikabaki juu ya wavu zimeshikana. Fundi wa pili alipindua fremu na kulaza karatasi hiyo mbichi juu ya kitambaa cha sufu. Rundo likijaa, lilikamuliwa kwa shinikizo kubwa, kisha fundi wa tatu akabandua karatasi moja moja kutoka kwenye sufu. Ndipo zikaanikwa darini, na baadaye zikachovywa katika gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na kwato za wanyama ili wino usisambae.

Upana wa karatasi ulikuwa upana ambao mikono ya mtu mmoja iliweza kuinua ukiwa umelowa. Hakukuwa na karatasi ndefu. Aliyetaka kubandika karatasi ya mapambo ukutani alinunua vipande vilivyogundishwa kimoja kwa kingine.

Mafundi hao walijua thamani yao. Kazi ile haikujifunzwa kwa mwezi, na bila wao pipa lilibaki pipa la maji machafu. Nchini Uingereza walikuwa wamejiunga katika vyama, wakidai mishahara na kugoma wanapokataliwa, hata mwaka 1796 Bunge likatunga sheria mahususi ya kupiga marufuku umoja wa wafanyakazi wa viwanda vya karatasi. Ufaransa hali ilikuwa moto zaidi, kwa sababu kule kulikuwa na mapinduzi.

Katika kinu cha Essonnes, kusini mwa Paris, mali ya Saint-Léger Didot wa ukoo mashuhuri wa wachapaji, kulikuwa na msimamizi aliyeitwa Nicolas-Louis Robert. Alizaliwa mwaka 1761, akawa askari wa mizinga, kisha akaajiriwa na akina Didot, kwanza kwenye uchapaji na baadaye kinuni. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wafanyakazi, na ugomvi wao ulimchosha. Alipoiandikia serikali kuomba hataza, hakuficha nia: alitaka kutengeneza karatasi kwa njia ya mashine peke yake, bila mafundi. Nalisisitiza hili kwa sababu historia za uvumbuzi hupenda kutuambia kwamba mtu alitaka karatasi bora, au elimu kwa wote. Robert alitaka amani kazini, na amani aliyoifikiria ni ile ya chumba kisicho na watu.

Wazo lake lilikuwa la ajabu kwa wepesi wake. Badala ya fremu moja inayoinuliwa na kushushwa, aliunganisha ncha mbili za wavu wa waya ukawa mshipi usio na mwanzo wala mwisho, ukizunguka juu ya rola. Gurudumu lenye vijiko lilichota rojo na kulimwaga juu ya wavu. Wavu ulisonga, maji yakashuka, na mwishoni karatasi ikakamuliwa kati ya rola mbili na kuzongwa. Aliyezungusha kila kitu alikuwa mtu mmoja mwenye mpini mkononi. Robert aliripoti kwamba ametengeneza vipande vyenye urefu wa mita 12 hadi 15. Serikali ilimpa faranga 3,000 za kumsaidia, na Januari 1799 akapewa hataza ya miaka 15.

Kisha yakaja mambo ya pesa. Didot alikubali kuinunua hataza kwa malipo ya mafungu, na mafungu hayakufika. Robert akamfungulia mashtaka, akairudisha hataza mikononi mwake mwaka 1801. Kufikia hapo Didot alikuwa ameshapata njia nyingine. Shemeji yake, Mwingereza aliyeitwa John Gamble, alikuwa na kazi Paris katika ofisi ya kubadilishana wafungwa wa vita. Ni wadhifa wa ajabu kwa historia ya karatasi, lakini ulimpa mtu huyo kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: uwezo wa kuvuka kati ya nchi mbili zinazopigana. Gamble akavuka na michoro, na Aprili 1801 akapata hataza ya Uingereza kwa jina lake. Jina la Robert halikuvuka naye.

Henry na Sealy Fourdrinier walikuwa wauzaji wakubwa wa karatasi na vifaa vya kuandikia, watoto wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa zamani. Waliona mara moja kilichomo ndani ya michoro ile. Wakaipeleka kwa John Hall, mhandisi wa Dartford, na Hall akaikabidhi kwa kijana aliyefanya kazi naye na ambaye pia alikuwa shemeji yake, Bryan Donkin. (Mashemeji, kama msomaji anavyoona, wamefanya kazi kubwa katika hadithi hii.) Fourdrinier walimfungulia Donkin karakana Bermondsey, kusini mwa mto Thames, na huko ndiko mchezo wa Robert ulipogeuka kuwa mashine.

Tofauti kati ya michoro ya Robert na kile kilichofungwa Frogmore mwaka 1803 ni tofauti kati ya wazo na kazi. Wavu mrefu wa waya unaozunguka mchana kutwa hukatika, hupinda, hukimbilia upande mmoja. Rojo humwagika pembeni. Karatasi mbichi, ambayo haina nguvu hata ya kubeba uzito wake, inapaswa kuhama kutoka kwenye waya hadi kwenye sufu bila kuraruka, tena bila mkono wa mtu kuigusa. Donkin alipitia matatizo haya moja baada ya jingine. Aliweka mikanda miwili pembeni mwa wavu, inayosafiri nao, ili rojo lisivuke kingo. Alipanga rola za kukamua zifuatane ili maji yatolewe kidogo kidogo. Alifanya wavu wote utikiswe kulia na kushoto unaposonga mbele, akiiga mikono ya yule fundi wa kwanza penye pipa.

Kuiga huko hakukukamilika, na ushahidi unao wewe mwenyewe unayesoma. Chukua ukurasa wa gazeti uuchane kutoka juu kwenda chini, kisha mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine utakwenda mshazari upendavyo. Nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, kwa kuwa wavu unakimbia mbele kwa kasi kuliko unavyotikiswa pembeni. Karatasi ya mkono haina tabia hiyo.

Faida ya mashine ilionekana kwenye hesabu kabla ya kuonekana mfukoni. Mwaka 1806 Fourdrinier walitoa makadirio yao: kazi ya mapipa saba kwa mwaka mzima iligharimu pauni 2,604 ikifanywa kwa mikono, na pauni 734 ikifanywa na mashine. Makadirio ya muuzaji yapokelewe kwa tahadhari, lakini hata ukipunguza nusu ya majivuno yake, pengo linabaki. Mashine ya pili ilifungwa Two Waters, hatua chache juu ya Frogmore, na nyingine zikafuata.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Akina Fourdrinier walikuwa wauza madaftari, na mali yao ilipotea huku wakiiandika. Walitumia takriban pauni 60,000 kwenye majaribio, mashine na sheria. Bunge liliwaongezea muda wa hataza mwaka 1807, lakini wenye viwanda wengine walinakili mashine bila kulipa ada, na mwaka 1810 ndugu hao wakatangazwa kufilisika. Mwaka 1814 Tsar Alexander wa Kwanza wa Urusi, akiwa Uingereza kusherehekea ushindi dhidi ya Napoleon, alipendezwa na mashine na kuagiza mbili kwa ajili ya Peterhof, kwa ahadi ya pauni 700 kila mwaka kwa miaka 10. Mashine zilikwenda. Pauni hazikuja. Henry Fourdrinier alipokuwa na miaka zaidi ya 70 alifunga safari na binti yake hadi St Petersburg kumpelekea ombi mfalme aliyefuata, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1840 Bunge la Uingereza liliwapa pauni 7,000 kama fidia. Kule Ufaransa Robert alikuwa amekufa mwaka 1828 katika kijiji cha Vernouillet, mwalimu maskini wa shule ndogo.

Aliyenufaika ni Donkin, na sababu ni nyepesi: yeye hakuuza karatasi, aliuza mashine. Kufikia mwaka 1851 karakana yake ilikuwa imetengeneza mashine zinazokaribia 200 na kuzisambaza ng'ambo na nyumbani. Tena hakukaa kwenye karatasi peke yake. Mnamo 1813 yeye, John Hall na John Gamble yuleyule aliyevuka na michoro walifungua Bermondsey kiwanda cha chakula cha makopo, miongoni mwa vya kwanza duniani, wakaliuzia jeshi la majini la Uingereza nyama iliyofungwa kwenye bati.

Tukishuka kidogo na mto Gade kutoka Frogmore tunakutana na mtu wa namna nyingine kabisa. John Dickinson alinunua kinu cha Apsley mwaka 1809, akiwa na miaka 27, na cha Nash Mills miaka miwili baadaye. Alikuwa ameshajijengea jina kwa karatasi ya mizinga. Baruti ya mzinga ilifungwa ndani ya mfuko wa karatasi, na mabaki ya karatasi hiyo yaliendelea kufuka moto ndani ya mtutu. Askari aliyesukuma fungu la pili alijilipua mwenyewe. Mwaka 1807 Dickinson alipata hataza ya karatasi iliyochanganywa nyuzi za sufu, ambayo iliungua na kuzimika papo hapo. Karatasi hiyo ilitumiwa na jeshi la Wellington.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa jibu tofauti kwa swali la Robert. Mwaka aliohamia Apsley alisajili mashine isiyo na mshipi wa waya. Ndani ya pipa la rojo aliweka silinda yenye matundu iliyovikwa wavu, inayozunguka taratibu huku hewa ikifyonzwa kutoka ndani yake. Maji yaliingia ndani, nyuzi zikaganda juu, na silinda ilipopanda kutoka kwenye rojo ikaipokeza karatasi kwa kitambaa cha sufu. Ilikuwa ya polepole kuliko ya Donkin, na karatasi yake ilikuwa tulivu zaidi, laini na yenye uso ulio sawa. Ukiweka silinda kadhaa kwa mfululizo, kila moja inabandika tabaka lake juu ya la mwenzake, na hapo unapata kadibodi. Hadi leo karatasi ya noti za benki hutengenezwa kwa silinda za ukoo huo, kwa kuwa alama ya maji iliyochongwa juu ya wavu wake hutoka na vivuli ambavyo mashine ndefu haiwezi kuvitoa. Dickinson pia ndiye aliyepata njia ya kupitisha nyuzi za hariri ndani ya karatasi yenyewe, na mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kutuma barua kwa peni moja, karatasi hiyo ilitumika kwa bahasha na barua za serikali ili zisighushiwe.

Alikuwa mgomvi pia, na ugomvi wake mmoja umebaki kwenye ramani. Mfereji wa Grand Junction, uliochimbwa kuunganisha London na miji ya kati, ulinyonya maji ya vinu vyake. Dickinson alikwenda mahakamani, na mwishowe kipande cha mfereji kikahamishwa kipite karibu na vinu, mnamo 1819. Akawa amelinda maji yake na kupata bandari mlangoni: mashua zilileta makaa na matambara, zikaondoka na karatasi.

Hadi hapo mashine zote, za Donkin na za Dickinson, zilitoa karatasi iliyolowa ambayo bado ilikatwa na kuanikwa. Kiungo kilichokosekana kilipatikana mbali na bonde hili, Farnworth karibu na Bolton, ambako T. B. Crompton alisajili mwaka 1820 njia ya kukausha karatasi kwa kuipitisha juu ya silinda zenye mvuke, ikiwa imebanwa na kitambaa. Sasa rojo liliingia upande mmoja na karatasi kavu ikatoka upande wa pili. Darini hapakuwa na kazi tena, na waliokuwa wakifanya kazi huko walielewa haraka. Novemba 1830, wakati vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza walipokuwa wakivunja mashine za kupura nafaka, umati wa Wycombe, bonde la jirani, uliingia kinu baada ya kinu na kuziponda mashine za karatasi kwa nyundo. Waliokamatwa walihukumiwa Aylesbury mwezi wa Januari. Hukumu za kifo zilitolewa, kisha watu wakapelekwa uhamishoni Australia.

Mashine haikugoma, ila ilikuwa na njaa. Matambara ya Ulaya nzima hayakuitosha. Tangu 1800 Matthias Koops, mjasiriamali wa Bermondsey, alikuwa amejaribu kutengeneza karatasi kwa majani makavu ya nafaka, na akasajili njia ya kutoa wino kwenye karatasi iliyochapwa ili itumike upya. Alifilisika haraka kuliko Fourdrinier. Mwaka 1851, hapohapo Boxmoor, dakika chache kwa miguu kutoka Frogmore, Hugh Burgess na Charles Watt walipika vipande vya mti ndani ya soda kali kwa shinikizo la mvuke mpaka nyuzi zikaachana na ile gundi asilia ya mti, yaani lignini. Uingereza haikuwapa sikio. Burgess akahamia Marekani, na kiwanda chake kikajengwa Manayunk, Philadelphia. Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alikuwa ameshapata njia ya mkato: kusaga gogo kwenye jiwe, lignini na vyote vilivyomo.

Njia ya mkato ndiyo iliyokuja kushika magazeti, na ndiyo inayoyafanya yageuke rangi ya chai yakiachwa dirishani, maana lignini ikikutana na mwanga na hewa huungua taratibu. Kuna kosa jingine la zamani zaidi. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Illig alichapisha njia ya kutia ukinzani wa wino ndani ya rojo lenyewe, kwa utomvu wa msonobari na shabu, badala ya kuchovya kila karatasi kwenye gundi ya ngozi. Mashine iliipenda njia hiyo kwa sababu iliondoa hatua nzima. Lakini shabu huacha asidi, na asidi hukata nyuzi mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana msahafu wa Siyu ulioandikwa kwenye karatasi ya matambara waweza kufunguliwa leo bila shida, na kitabu cha mwaka 1900 kikavunjika pembe kinapofunuliwa. Wakutubi walilipia kasi ya mashine kwa muda mrefu kuliko Fourdrinier.

Vinu vya bonde la Gade vimezimika kimoja kimoja. Apsley ilifunga mwishoni mwa karne iliyopita na Nash Mills mwaka 2006. Frogmore, ambako kuanzia mwaka 1890 kampuni ya British Paper ilitengeneza karatasi kwa karatasi kuukuu, kama alivyotamani Koops, sasa iko chini ya shirika la hisani linaloonyesha watu kazi za zamani.

Ukoo wa mashine ya 1803 ulifika kwetu kupitia tawi la mti na kemikali. Danzig, mwaka 1879, Carl Dahl alibadilisha mapishi ya Burgess na Watt kwa kuongeza salfa, akapata nyuzi zenye nguvu mno na harufu ya yai bovu. Aliyepita Webuye, Kenya, siku ambazo kiwanda cha Pan Paper kilikuwa kikifanya kazi kando ya mto Nzoia hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Mashine za Webuye zilizimwa mwaka 2009, na mji uliojengwa juu ya mshahara wa kiwanda kimoja ukabaki na nyumba tupu. Kule Mufindi, Tanzania, kiwanda cha Mgololo kilichojengwa miaka ya 1980 karibu na misonobari ya Sao Hill nacho kilisimama kwa miaka kadhaa, kikauzwa, kikafufuliwa. Kinachotoka kwenye wavu wake ni karatasi ya khaki, ya mifuko ya saruji na maboksi. Karatasi ya magazeti inaagizwa kutoka nje.